Mtoto kapauka na hakojoi vizuri baada ya mafua, virusi vinahusika?

Mama mwenye swali, umesema mwanao hajakojoa tangu jana mchana na amepauka, basi kwanza mbebe mpeleke hospitali, haya mengine utasoma ukiwa kwenye foleni.

Ndiyo, virusi vinaweza, ila ni nadra sana. Wangu alikuwa na miaka mitatu, mafua makali, homa siku nne ikashuka tukashukuru Mungu. Siku ya sita asubuhi namfungua nepi aliyolala nayo, nyepesi, karibu kavu yote, na kile kidogo kilichokuwepo rangi ya chai ya rangi kabisa. Nikavuta kope la chini, ndani kweupe kama karatasi, miguuni vidoa vyekundu kama kachomwa sindano. Kituo cha kwanza wakasema kaishiwa damu tu, wakatupa dawa ya kuongeza damu turudi wiki ijayo. Roho ikagoma, jioni nikaenda kwingine wakapima picha nzima ya damu PAMOJA na kriatinini (taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuichuja), hapo ndo pa kukazania, maana wangu himoglobini ilikuwa 6, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 38,000 (kawaida zinaanzia kama 150,000), kriatinini juu, na kwenye darubini seli nyekundu zimekatikakatika.

Wanaita HUS (hemolytic uremic syndrome), seli nyekundu kuchanika na figo kushindwa kazi kwa pamoja. Yaani kuta za ndani za vimishipa vya damu zinaumia, damu inagandaganda humohumo, chembe sahani zinaishia hapo, seli nyekundu zikijipenyeza zinachanika, na figo ndo zimejaa hivyo vimishipa kwahiyo zinaziba. Mara nyingi chanzo sio virusi, ni bakteria E. coli wa kuharisha damu, ndo maana choo chake kilipimwa mwanzoni (na mtoto akiharisha damu usimpe dawa za kufunga tumbo wala antibayotiki kwa kujiamulia, zinaweza kuzidisha). Choo kilitoka safi, wakahamia kuchunguza komplimenti, sehemu ya kinga ya mwili ambayo kwa watoto wengine ina hitilafu ya kurithi, virusi vinakuja kuichokoza tu.

Akaongezewa damu, akawekwa dialisisi ya tumboni, yaani kusafisha damu kwa maji yanayopitishwa tumboni badala ya figo. Siku ya kumi na moja akakojoa kama kijiko kimoja hivi, nesi alicheka mimi nikalia. Mpaka leo tunapima presha na protini kwenye mkojo kila baada ya miezi sita, na akipata mafua naangalia nepi kabla ya kipimajoto.