Sayansi ya sekondari ukiwa nyumbani: maswali yenu na majibu yake

Maswali mengi niliyoletewa mwezi huu yametoka kwa wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani, au wanaopima kama waanze. Karibu wote wanakwama palepale: mtoto akifika umri wa sekondari, fizikia, kemia na baiolojia zitafundishwaje sebuleni, na kwa vitabu gani? Wengi wanataka sayansi isiyoegemea dini yoyote. Nimeyafupisha maswali na kuyajibu moja moja.

Binti yangu amemaliza darasa la saba. Nataka asome sekondari nyumbani. Je, inaruhusiwa, na cheti atakipataje?
*Mama wa watatu, Arusha*

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimbana mzazi kwenye elimu ya msingi: mtoto aliyefikisha miaka saba lazima aandikishwe shule. Sera ya elimu toleo la 2023 inasogeza elimu ya lazima hadi miaka kumi, kwa hiyo usimtoe mtoto kwenye mfumo kimyakimya. Nenda kwa afisa elimu wa wilaya, eleza mpango wako, omba jibu la maandishi.

Kuhusu cheti, njia ya mtahiniwa wa kujitegemea ipo siku nyingi. Asiyepitia kidato cha pili shuleni hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, na akifaulu anaruhusiwa kufanya wa kidato cha nne. Wengine huchagua mitihani ya Cambridge au Pearson, ya Uingereza, kisha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, huwapa ulinganifu wa cheti.

Wasomaji wa Kenya, hali yenu ni ngumu zaidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria shule, na wapo wazazi waliofikishwa mahakamani kwa kusomesha nyumbani. Muoneni wakili kwanza.

Huku Texas hakuna anayenisumbua, lakini vitabu vya baiolojia ninavyoshauriwa na akina mama wenzangu vinasema dunia ina miaka elfu sita. Nitakitambuaje kitabu cha sayansi ya kweli?
*Mama kutoka Bukavu, sasa Houston*

Hakuna anayekusumbua kwa sababu Mahakama Kuu ya Texas, katika kesi ya Leeper ya mwaka 1994, ilikubali kwamba nyumba inayofundisha kwa dhati ihesabiwe kama shule binafsi. Masharti ni kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Sayansi haimo kabisa kwenye orodha hiyo, dada yangu, kwa hiyo mzigo wote wa kuchagua ni wako.

Kabla hujalipia kitabu, nenda kwenye faharasa ya mwisho. Tafuta umri wa dunia: kiseme takriban miaka bilioni 4.5. Tafuta mageuko ya viumbe. Kama yametajwa katika sura moja tu, tena kwa ajili ya kupingwa, kirudishe. Halafu angalia kinavyoeleza bakteria wanavyokuwa sugu kwa dawa. Kitabu kisichoweza kueleza kwa nini dawa iliyotibu jana leo haitibu hakitamfaa mtoto, hasa kama ndoto yake ni uuguzi au udaktari.

Una bahati ya kukaa Houston, maana Chuo Kikuu cha Rice kilichopo hapohapo ndicho kinachotoa vitabu vya OpenStax, na kuvisoma mtandaoni hulipi kitu. Kuna cha fizikia cha sekondari, na cha baiolojia kiitwacho Concepts of Biology ambacho kijana wa miaka kumi na mitano anayesoma vizuri atakiweza. CK-12 nao wanatoa vyao bure. Kwa maabara, ulizia chuo cha jamii kilicho karibu: vingi huwapokea wanafunzi wa umri wa sekondari kwa masomo yanayohesabika pia chuoni, na huko atashika bureti ya kweli, ule mrija wa kupimia vimiminika.

Mimi ni Muislamu, naswali na watoto wangu. Nikitumia mtaala usioegemea dini, si nitakuwa namtoa mtoto kwenye imani?
*Baba wa wanne, Tanga*

Hapana, kaka. Mtaala wa aina hiyo haumwambii mtoto kuwa hakuna Mungu. Unachofanya ni kujiwekea mpaka: katika saa ya sayansi, jibu linatafutwa kwa kuangalia, kupima na kulinganisha. Madrasa ina saa zake na ustadhi wake, na hakuna anayeigusa. Najua familia za dini zote zinazoishi hivi bila ugomvi wowote ndani ya nyumba.

Ninachokuomba ni kimoja tu: usiiruke sura ya mageuko. Ataulizwa kwenye mtihani, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ushahidi wake umejaa huku kwetu, na itakuwa huzuni mtoto wa Kitanzania kuusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wageni. Nyayo za Laetoli zina umri wa takriban miaka milioni 3.6. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lilitoka Olduvai mwaka 1959.

Lakini mimi nisingeanzia kwenye mifupa. Ningeanzia kwenye selimundu, kwa sababu Tanga ni wachache wasiomjua mtu anayeugua. Mtoto anayerithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama huugua. Anayeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na zaidi ya hapo ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki na mwaka 1954 akachapisha alichokiona: jeni hiyo ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, palipo na malaria nyingi, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Usimpe mtoto jibu hilo mapema. Mpe ramani tupu, apake rangi sehemu zenye mbu wengi. Kisha muulize: unadhani selimundu ni nyingi wapi, na kwa nini? Akishafikiri, mpe sarafu mbili. Kila sarafu ni mzazi mwenye jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu. Azirushe pamoja mara 40 na kuandika kila matokeo. Atatarajia watoto 10 wagonjwa, 20 wenye jeni moja, 10 wasio nayo. Atapata 8, au 13, na hapo ndipo ataelewa kwa nini familia moja ina watoto wanne wazima na jirani yao ana wagonjwa watatu, ilhali wazazi wote wana jeni zilezile. Hakuna laana wala mkosi. Nadhani somo hilo lina faida hata kwa babu na bibi watakaokuwa wamekaa karibu wakisikiliza.

Tunaishi vyumba viwili, hatuna maabara. Fizikia na kemia bila maabara si ni kukariri tu?
*Baba, Nairobi*

Zikifundishwa kwa kitabu peke yake, ndiyo, ni kukariri. Ila vifaa unavyovihitaji hadi kidato cha nne ni vichache kuliko unavyodhani.

Funga nati nzito kwenye uzi, ning'iniza kwenye msumari juu ya fremu ya mlango. Pima mita 1 kutoka msumari hadi katikati ya nati, si hadi mwisho wa uzi. Ivute pembeni kidogo sana, achia, pima kwa simu muda wa kwenda na kurudi mara 20. Utakuwa sekunde 40 na kidogo, yaani kama sekunde 2 kwa mzunguko mmoja. Rudieni kwa sentimita 80, 60, 40 na 20. Kwenye karatasi ya grafu weka urefu, kwa mita, kwenye mstari wa mlalo, na muda wa mzunguko mmoja ukizidishwa kwa wenyewe kwenye mstari wa wima. Nukta zitanyooka. Gawanya 39.5, yaani 4π², kwa mteremko wa mstari huo, utapata karibu 9.8: mtoto ameupima mvutano wa dunia kwa uzi na nati.

Sasa, huenda akapata 10.9. Usimwambie amekosa, na tafadhali usimruhusu abadilishe namba ili zifanane na za kitabu. Muulize alivyohesabu. Watoto wengi husema "moja" palepale wanapoachia nati, kwa hiyo wakifika "ishirini" imezunguka mara 19 tu. Aanze na "sifuri", arudie, aone 10.9 inavyoshuka. Mtoto aliyelifukuza kosa lake mwenyewe namna hiyo ameonja kazi yenyewe ya mwanasayansi.

Kwa kemia, chemsha choya, yale maua mekundu ya juisi, uchuje maji yake. Weka kidogo kwenye kikombe cheupe: tone la ndimu linayafanya mekundu ya kung'aa, magadi soda inayapeleka kwenye zambarau na kuendelea hadi ubluu wenye ukijani. Kisha geuza mchezo kuwa kipimo. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha magadi soda katika mililita 100 za maji. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, bila sindano. Weka mililita 5 za siki kwenye kikombe pamoja na matone ya choya, ongeza maji ya magadi kidogo kidogo ukikoroga hadi rangi ibadilike, andika mililita ulizotumia. Fanya hivyohivyo kwa ndimu. Ipi ina asidi nyingi? Rudia mara tatu kila moja, maana kipimo kimoja hakitoshi kusema lolote.

Moyo wa mbuzi upo buchani. Upasue pamoja na mtoto na umwambie ashike kwa vidole ukuta wa chumba cha chini kushoto na wa kulia. Wa kushoto ni mnene zaidi kwa sababu unasukuma damu mwili mzima. Atakumbuka.

Yasiyofaa nyumbani: maji ya betri, magadi makali ya kutengenezea sabuni, na hasa kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo kama chako kinajaa upesi.

Kwa yale yasiyowezekana, kama saketi kubwa au mwendo wa molekuli, kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Ni majaribio ya kuigiza kwenye skrini, ni bure, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Yatangulie ya mikono, ya skrini yafuate.

Mimi nilisoma HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza. Fizikia niliiaga kidato cha pili. Nitamfundishaje mtoto?
*Mama, Dodoma*

Soma sura moja mbele yake, na mwache akuone unavyohangaika na swali. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, unavisoma bure. Mahali utakapozidiwa, mtafute mwanafunzi wa chuo aliyesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, umlipe kwa saa. Familia tatu zikichangia, gharama inabebeka. Hakikisha tu aljebra imekaa vizuri kabla ya fizikia, maana wengi wanaosema fizikia ngumu wamekwama kwenye kuhamisha herufi.

Na una nafasi ambayo mwalimu wa darasa la wanafunzi 80 hana. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili hurushwa ghafla kwenye sayansi ya Kiingereza. Wewe mwache aeleze kwanza kwa Kiswahili kwa nini chuma kinapata kutu na dhahabu haipati. Akishaeleza bila kusitasita, ndipo aandike kwa Kiingereza cha mtihani. Akishindwa, utajua mara moja kilichomshinda ni kemia au ni lugha.

Tupo Hamburg. Tunaweza kuanza?
*Wazazi wawili*

Hapana. Ujerumani inalazimisha mtoto aende shule, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikubali sheria hiyo mwaka 2006. Fanyeni majaribio haya jioni na Jumamosi.

Nina miaka 16, nasoma nyumbani kwa mtaala wa Cambridge, nataka kuwa daktari. Mtihani wa vitendo nitaufanyaje?
*Kijana, Mwanza*

Hongera kwa kuuliza mapema, mwanangu. Kwa IGCSE, ngazi inayolingana na kidato cha nne, huna shida: fizikia, kemia na baiolojia zote zina karatasi ya 6, ya maandishi, inayochukua nafasi ya mtihani wa maabara. Usidhani ni rahisi. Inauliza usome kipimo kwenye mchoro, uchore jedwali lenye vipimo sahihi, useme kosa lilitokea wapi. Aliyewahi kufanya majaribio kwa mikono huijibu kwa kumbukumbu, asiyewahi hubahatisha.

Ngazi ya A, inayolingana na kidato cha sita, ndiyo yenye kikwazo. Karatasi ya 3 ya Cambridge ni maabara halisi, haina mbadala, na kituo kinaweza kukataa mtahiniwa wa nje kwa somo lenye maabara. Kwa Pearson, A ya kimataifa hupima ujuzi wa vitendo kwa karatasi za maandishi, za sehemu ya 3 na ya 6, ndiyo maana wengi wanaosoma nyumbani huhamia huko. Vyovyote utakavyochagua, udaktari hapa kwetu unataka fizikia, kemia na baiolojia zote tatu, kwa hiyo usiiache fizikia hata ukiichukia.

Piga simu kituo cha mtihani angalau miezi sita kabla, uulize mambo matatu: wanapokea watahiniwa wa nje, kwa masomo gani, na mwisho wa kujiandikisha ni lini. Kisha nenda na mzazi wako kwa mkuu wa shule yenye maabara nzuri Mwanza, muombe wiki mbili za likizo chini ya uangalizi wa mwalimu wao, kwa malipo. Usiende mikono mitupu. Beba daftari lako la majaribio lenye tarehe, majedwali, na makosa yaliyopigiwa mstari mmoja badala ya kufutwa, pamoja na orodha ya majaribio unayoyataka: bureti, hadubini, na uchambuzi wa chumvi.