Wells aliishiwa wino?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kusoma The War of the Worlds cha H. G. Wells. Viumbe wa Mirihi wanaunguza miji, watu wanaikimbia London, jeshi limeshindwa, halafu ghafla wanakufa kwa vijidudu! Naona mwandishi aliishiwa wino. Au kuna kitu sijakiona?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata mimi niliwahi kununa hivyo hivyo. Nakala niliyoisoma shuleni ilikuwa imenyofoka jalada pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hiyo kwangu ilikuwa hadithi ya mapigano tu: mashine za miguu mitatu, miale ya joto, moshi mweusi, basi.

Nilikuwa nimeshaanza kufundisha baiolojia nilipopata nakala nzima. Kumbe sura ya kwanza, kabla chombo cha Mirihi hakijadondoka Horsell, kijiji karibu na London, Wells anawageukia Waingereza wenzake: msiwalaani wageni hawa upesi, kumbukeni wenyeji wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, waliofagiliwa na wahamiaji wa Ulaya ndani ya miaka 50. (Alidhani wameisha kabisa, wazao wao wapo hadi leo.) Kitabu kilitoka 1898, miaka miwili tu baada ya manowari za Kiingereza kulibomoa kasri la Sultani pale Unguja. Waliokisoma walijua mzinga unaelekezwa wapi.

Sasa hao vijidudu wako. Wells alisomeshwa baiolojia na T. H. Huxley, yule mtetezi wa Darwin, na somo halikumtoka. Kinga yetu, anasema, imelipiwa kwa vifo vya mababu wasiohesabika. Mirihi hakuna bakteria, kwa hiyo wageni wamekuja mikono mitupu. Na umeona wanavyokula? Tumbo hawana. Wanavuta damu ya mtu aliye hai na kuiingiza moja kwa moja kwenye mishipa yao. Darasani nilikuwa nasimama hapo hapo nauliza: anayejitia damu isiyopimwa, mnamtarajia afike wapi?

Tena amepindua mambo. Tasmania, magonjwa ya wageni, pamoja na bunduki zao, yaliwaua wenyeji wengi. Kwake, ya wenyeji yanawamaliza wageni.

Rudia sura ya kwanza, kisha uruke hadi Primrose Hill, kilima cha London, ndege wanapodonoa nyama inayoning'inia kwenye mashine iliyonyamaza. Halafu niandikie tena kuhusu huo wino.