Nauza Vitenge, Nataka Kuchora: Je, Nimechelewa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, nauza vitenge soko la Majengo. Jioni nachora mibuyu na vilima vya huku kwetu. Baba anasema nimechelewa. Tena kiangazi hiki kila kitu ni kahawia, picha zangu zinakuwa bapa. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujachelewa hata kidogo! Camille Corot, mchoraji mkubwa wa mandhari wa Ufaransa, aliyezaliwa Paris mwaka 1796, naye alianzia kwenye biashara ya vitambaa. Wazazi wake walikuwa na duka la kofia. Alikuwa na miaka 26 hivi baba yake alipokubali kumpa posho ya kila mwaka ili achore.

Sasa hiyo kahawia. Machi 1826, akiwa Roma, Corot alirudi tena na tena kwenye bustani za Farnese: picha moja ya asubuhi, nyingine ya adhuhuri, ya tatu ya jioni. Alitanguliza umbo, kisha mwanga na kivuli. Rangi ilifuata baadaye.

Nimekaa chini ya mbuyu kule Chamwino mwezi Septemba. Saa moja asubuhi gome lilikuwa na wekundu wa ganda la kitunguu. Saa sita likawa jivu tupu. Kwa hiyo weka rangi kando kwanza, shika mkaa. Finya macho uone giza limelala wapi, ulijaze hilo kabla ya tawi lolote.

Baba usibishane naye. Mwoneshe mbuyu mmoja, mara tatu.