Jibu: Mtoto anarudia swali badala ya kujibu

Habari mama, pole. Nimekuelewa hivi, kijana wako ukimuuliza "unataka nini?" anakurudishia "unataka nini", na zile kadi za picha ulizonunua anazitupa. Wangu alikuwa hivyohivyo, tuko huku Ngamiani Tanga.

Kwanza angalia picha zenyewe. Zangu za mwanzo zilikuwa michoro ya theluji, sasa mtoto wa Tanga theluji kaijulia wapi? Nikapiga picha kwa simu kikombe chake, baiskeli, chungwa, nikaprinti steshenari. Halafu acha kumuuliza. Mi nakaa mbele nimeshika chungwa kimyaa, dada yake nyuma anamuongoza mkono anipe picha, akinipa tu nasema "chungwa!" na nampa hapohapo, dada haongei kabisa, hapo ndo wengi tunaharibu maana mdomo unawasha. Baadaye nikaongeza kadi ya "nataka", anazipanga mbili namsomea "nataka chungwa", siku moja akaisema mwenyewe. Ya "zamu yako" tunatumia kwenye mpira.

Kurudia maneno usimkataze, ni njia yake ya kuongea. Na usihesabu wiki, sisi ilikuwa miezi. Mambo ya darasani sina uzoefu nayo, haya yote ni ya nyumbani.