Maswali na Majibu: Mkoba wa Spider-Man Si Ruhusa ya Filamu

Shule zimefungwa, na barua karibu zote za wiki hii zinahusu filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu.

Mwanangu ana miaka 5. Mkoba wake una picha ya Spider-Man, chupa ya maji pia, hata ndala. Sasa anataka filamu yenyewe. Nimwekee? (Mama, Morogoro)

Usimwekee, mama, angalau zile za waigizaji wa kweli, zisizo katuni. Muuza mkoba anamtaka mtoto wa miaka 5, lakini filamu haikutengenezwa kwa ajili yake. Zote za waigizaji zilizotoka tangu 2002 zina alama ya PG-13 kule Marekani, yaani mzazi anaonywa kwamba baadhi ya mambo huenda hayamfai aliye chini ya miaka 13. Uingereza ile ya 2002 ilipewa daraja la 12, wadogo wakazuiwa mlangoni na wazazi wakaja juu. Mwaka huohuo likaanza daraja la 12A: mwenye umri chini ya 12 aingie, ila awe na mtu mzima. Hilo la mtu mzima ndilo ninalolipigia kelele kila mwezi hapa.

Invincible ni katuni tu, sasa ina ubaya gani? (Baba, Mwanza)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Katuni ni uchoraji, haisemi lolote kuhusu umri. Invincible ni ya watu wazima, na sehemu yake ya kwanza tu inaishia kwenye mauaji yanayotapakaza damu. Izime. Na ukiwa hapohapo, mwonye kijana kuhusu Deadpool: naye huvaa nyekundu na kufunika uso, watoto humdhania Spider-Man, kumbe filamu zake ni za R, yaani kule Marekani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, zimejaa matusi na mambo ya chumbani.

Mdogo wangu wa miaka 6 anajifunga kanga shingoni na kuruka kutoka kitandani. Nimkataze? (Dada, Dodoma)

Kitandani mwache, mtandikie godoro chini. Akipanda juu zaidi ya hapo, usizubae.

Mpwa wangu alikuwa na umri huohuo nilipomkuta amesimama juu ya mnara wa simtanki, kanga ya mama yake mgongoni, ngumi moja mbele. Nikamwita kwa sauti ya kawaida, maana ukipiga kelele mtoto hushtuka akateleza. Akanijibu, "Mjomba subiri, upepo bado haujaja." Hakuwa na shaka hata chembe kwamba ataruka. Nilipanda ngazi huku nikimuuliza upepo utatokea upande gani, mpaka nikamshika kiuno.

Jioni ile sikumpiga. Tuliweka filamu tukaitazama pamoja, na kila shujaa aliporuka nikaisimamisha. Nikamweleza kwamba mwigizaji ananing'inizwa kwa waya, nyuma yake kuna kitambaa cha kijani, na jiji linaongezwa baadaye kwa kompyuta. Kisha nikamuuliza: jengo lilipoanguka, waliokuwa ndani wako wapi? Alinyamaza. Hakuwa amewafikiria. Mtoto wa umri huo anashika ngumi na mruko, lakini sababu ya ugomvi inampita. Hayo mazungumzo, dada, hayafanyiki ukiwa jikoni naye yuko sebuleni peke yake.

Tunataka binti yetu wa miaka 9 aone Black Panther, ajione na yeye. Ni mapema? (Wazazi, Nakuru)

Ninaipenda sana filamu ile ya 2018 yenye shujaa Mwafrika, na nia yenu ni njema. Lakini itazameni ninyi kwanza. Chanzo cha kisa ni mfalme kumuua ndugu yake mwenyewe Oakland mwaka 1992 na kumwacha mtoto wa marehemu hukohuko. Mtoto huyo ndiye anayekuwa Killmonger, adui wa shujaa, na anampiga risasi hata mpenzi wake. Kama binti hulala vizuri baada ya hadithi nzito, mkalishe katikati yenu. Atauliza kwa nini yule mbaya anaonekana ana haki. Msimnyamazishe, jibuni.

Kijana wangu wa miaka 10 anakwenda kibanda umiza. Si afadhali kuliko kuzurura? (Baba, Temeke)

Unajua filamu inayofuata baada ya ile aliyoifuata? Kibandani hakuna anayeuliza umri, DJ anayetafsiri huongeza maneno yake, na saa mbili usiku inawekwa ya wakubwa na mtoto bado amekaa kwenye benchi. Nenda naye mara moja, ulipe viti viwili, uone.

Hakuna namna simu au televisheni ichuje yenyewe? (Msomaji, Arusha)

Netflix na Disney+ zina mpangilio wa kufunga filamu kwa umri. Uweke leo, na namba ya siri isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, ataipata kabla ya chakula cha usiku.