Kuhamishia Sansevieria katika Chungu Kikubwa: Niliyojifunza Hapa Goma

Mama yangu mkubwa alipohama mtaa wa Himbi, aliniachia sansevieria iliyokuwa imekaa miaka mingi katika chungu kimoja cha plastiki chenye upana wa sentimita 15. Majani yake marefu, magumu, yenye kingo za manjano, yalikuwa yamesongamana hata chungu kikapinda ubavuni, na siku moja kikapasuka. Niliuhurumia mmea huo, nikaona kwamba haustahili wema mdogo: nikakata bidoni ya mafuta ya lita 20, nikaijaza udongo mweusi ulioletwa kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, nikaupanda humo na kuumwagilia maji mengi. Baada ya wiki sita majani yalianza kulegea kwenye shina, na nilipoyashika yaling'oka mkononi yakinuka uozo.

Nilichelewa kuelewa kwamba ukubwa wenyewe wa chombo ndio ulioua. Udongo ambao haujafikiwa na mizizi hauna wa kuyanywa maji yake, kwa hiyo hubaki umelowa siku nyingi, hewa hukosa pa kupita, na mizizi huoza. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu za upana, na kiwe na matundu chini. Sansevieria, ambayo ni mmea wa asili wa Afrika kuanzia upande wa Nigeria hadi kwetu Kongo, hupenda kubanwa kidogo. Ihamishwe pale tu mizizi inapotokeza matunduni au chungu kinapoanza kupasuka.

Jambo la pili linatuhusu zaidi sisi tunaoishi juu ya mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Wengi wetu hutandaza tabaka la mawe chini ya chungu tukiamini kwamba maji yatashuka upesi, nami nilifanya hivyo katika ile bidoni. Kumbe maji hayatoki kwa urahisi katika udongo laini kuingia katika mawe. Husubiri mpaka udongo ulio juu ya mawe ushibe kabisa, na hivyo sehemu yenye majimaji hupanda ikaisogelea mizizi. Mawe yetu ni mali, ila yachanganywe na udongo. Mimi huyaponda kwa nyundo, huyachekecha nikabakiza punje zinazolingana na za mahindi, huyaosha vumbi, kisha huchanganya sehemu moja ya punje hizo na sehemu mbili za udongo, pamoja na samadi kidogo iliyokwisha kuoza kabisa. Vitundu vya lava hushika hewa, na mchanganyiko hauwi mzito kama udongo mtupu. (Unapoponda, funika jiwe kwa gunia, kwa maana vipande vyake hukata na huruka hadi machoni.)

Kuhusu majira, maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya husema tusubiri majira ya kuchipua. Goma iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi zisizofika 2, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Mimi huchagua Septemba, mvua zinaporudi baada ya kiangazi.

Usiumwagilie mmea kwa siku kadhaa kabla ya kuuhamisha. Laza chungu, kigongegonge pande zote, na ushike fundo la mizizi badala ya kuvuta majani. Mizizi iliyo myeusi na laini ikatwe kwa kisu safi, majeraha yaachwe yakauke siku moja au mbili, kisha mmea upandwe kwa kina kilekile ulichokuwa nacho. Maji ya kwanza nayangoja wiki nzima, na baada ya hapo humwagilia tu kidole kinapoingia udongoni na kutoka kikavu.

Katika ile iliyooza niliokoa vipande viwili vya shina la chini ya udongo vilivyokuwa bado vigumu, na jani moja nililolikata vipande. Vyote vilichipua, lakini machipukizi ya jani yalitoka kijani kitupu bila kingo za manjano, ilhali ya shina yalifanana na mmea wa mama mkubwa. Anayetaka kutunza rangi hiyo na agawanye shina, na kila kipande akipe chungu chake kidogo.