Moto hauhamasishi, unaunguza

SWALI: Katika makala kuhusu wimbo "Smoke on the Water" ("Moshi juu ya Maji") wa Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, nimesoma kwamba "ulihamasishwa na moto wa Montreux". Mwenzangu anasema ingefaa "ulivutiwa na moto". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna. Mwenzako amekosea kwa adabu, mwandishi wa makala amekosea kwa mbwembwe.

Hamasa ni ya Kiarabu, nayo ni ari, ni mori. Anayehamasishwa sharti awe na moyo wa kupandwa na huo mori: wapiga kura, wachezaji, wazazi wapeleke watoto chanjo. Wimbo hauna moyo. Lakini siku hizi gauni limehamasishwa na kitenge, jengo limehamasishwa na jahazi, na pilau nalo sijui linangoja nini.

Tuutazame huo moto. Tarehe 4 Desemba 1971, mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa akiwa jukwaani katika kasino ya Montreux, Uswisi, mtu mmoja ukumbini alifyatua bastola ya fataki kuelekea darini. Dari likashika, kasino ikateketea. Deep Purple walikuwa wamefika mjini kurekodi albamu humo humo, na lori la studio wamelikodi kwa bendi ya Rolling Stones. Wakabaki kutazama moshi ukitanda juu ya Ziwa Geneva. Nani alihamasika hapo? Watu walitimka! Claude Nobs, mwandaaji wa matamasha, aliingia na kutoka akiwaokoa vijana. Huyo ukisema alihamasisha watu watoke, nitanyamaza.

Tena neno hili linaficha mambo. Muziki wa wimbo ule ulirekodiwa kwanza, bila maneno, katika ukumbi mwingine waliouhamia, mpaka majirani wakalalamikia kelele na polisi wakaja. Kile kipande maarufu cha gitaa cha Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa bendi, hakina moshi wowote ndani yake. Ni nyuzi mbili zinazodonolewa kwa vidole kwa mpigo mmoja. (Wanafunzi huzichapa kwa kijiplastiki kutoka juu kwenda chini, noti moja ikaitangulia nyingine, kisha wakailaumu spika.) Moshi umo katika maneno, na jina lenyewe lilimjia mpiga besi, Roger Glover, alipozinduka usingizini siku chache baadaye.

Basi sema: maneno ya wimbo yanatokana na moto. Au: chimbuko lake ni moto. Au, kama nafasi ipo: waliyatunga baada ya kasino kuungua. Kitenzi "kutunga" hakikuwamo ndani ya kasino, kingali kizima.

Na hilo "ulivutiwa"? Anayevutiwa ni mtunzi, si wimbo, na sidhani kama kuna anayevutiwa na ukumbi wake wa kurekodia ukiwaka. "Msukumo" nauvumilia, ingawa una harufu ya mkokoteni. "Uvuvio" waachieni manabii.